Macho Barabarani, Fikira Kwenye Simu

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake, maana humfariji aliyefikwa na msiba asijilaumu kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kulizuia. Lakini siku hizi msemo huo umegeuzwa kuwa kichaka cha wazembe. Dereva akimgonga mtoto anayetoka shule, husema ajali haina kinga. Mwenye basi akiulizwa kwa nini dereva wake alikuwa akizungumza na simu huku abiria hamsini wako nyuma yake, naye hujibu vivyo hivyo. Hata matangani, maneno hayo hutamkwa kama sala, na baada ya arobaini kila mtu hurudi katika mazoea yake.

Hesabu ya wanaokufa hairuhusu mazoea hayo yaendelee. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 ilieleza kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Katika kila watu 100 waliokufa, 92 walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa magari yaliyomo katika nchi hizo ni kiasi cha asilimia 60 tu ya magari yote ya dunia. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Aidha, zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu ambao hawana hata bati la gari la kuwakinga.

Sababu za ajali zinazotajwa kila siku zinajulikana: mwendo wa kasi, ulevi, ubovu wa magari na ubovu wa barabara. Sababu hizo zina jambo moja zinazofanana nalo, nalo ni kwamba zinaweza kupimwa. Mwendo hupimwa kwa chombo cha askari wa usalama barabarani, pombe hupimwa kwa pumzi, na breki mbovu huonekana gari linapokaguliwa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haiachi harufu mdomoni wala alama ya matairi juu ya lami. Sababu hiyo ni fikira za dereva kuwa mahali pengine wakati mikono yake iko kwenye usukani na macho yake yako mbele. Ili kuipima sababu hiyo, iliwabidi wataalamu wa saikolojia waingie kazini.

Utafiti wa jambo hili ulianza kabla simu ya mkononi haijafika mikononi mwa watu. Mazungumzo ya kwanza ya simu ya mkononi yalifanyika mjini New York tarehe 3 Aprili, 1973. Lakini tayari mwaka 1969, wataalamu watatu wa Uingereza, Brown, Tickner na Simmonds, walikuwa wametangaza matokeo ya jaribio lao kuhusu kuendesha gari na kuzungumza kwa simu kwa wakati mmoja. Madereva 24 waliendesha gari kupita katika nafasi zilizowekwa njiani, nyingine zikiwa na upana wa kutosha na nyingine zikiwa nyembamba mno kwa gari kupita. Huku wakiendesha, walisomewa sentensi kwa simu, na ikawapasa waseme kama kila sentensi ilikuwa ya kweli au ya uongo. Ilionekana kwamba mikono yao iliendelea kuongoza gari kwa kiasi cha kuridhisha. Kilichoharibika ni uamuzi. Madereva walikosea katika kupambanua nafasi inayopitika na isiyopitika. Kwa maneno mengine, ustadi wa mikono ulibaki, lakini busara ya kuutumia ilipungua.

Ujumbe wa jaribio hilo haukuwafikia wengi. Simu za mkononi zilipoenea ulimwenguni, serikali nyingi zilidhani kwamba hatari iko mkononi. Zikatunga sheria za kumkataza dereva asishike simu, lakini zikamwachia aendelee kuzungumza kwa kipaza sauti au kwa vifaa vya masikioni. Uingereza yenyewe, kulikofanyika jaribio la mwaka 1969, ilianza kutumia sheria ya namna hiyo tarehe 1 Desemba, 2003. Dereva aliyeiweka simu mfukoni na kutia waya sikioni akajiona kuwa ametimiza wajibu wake wote.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuichunguza dhana hiyo ni David Strayer, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Utah, katika mji wa Salt Lake City nchini Marekani. Mwaka 2001, yeye na mwenzake William Johnston walitangaza matokeo ya majaribio ambayo yanafaa kuelezwa kwa taratibu, maana ndani yake ndimo ulimo ufunguo wa jambo lote.

Katika jaribio la kwanza, kila mshiriki alipewa usukani mdogo wa mkono ili aifuate alama iliyokuwa ikienda huku na huku juu ya kiyoo. Mara kwa mara taa iliwaka. Ikiwa nyekundu, ilimpasa abonyeze kitufe upesi kana kwamba anakanyaga breki. Wengine walifanya kazi hiyo wakisikiliza redio au kitabu kilichosomwa kwenye kanda, na wengine wakizungumza na mtu kwa simu. Waliosikiliza redio hawakupungukiwa na kitu. Lakini waliokuwa wakizungumza kwa simu, idadi ya taa nyekundu walizozikosa iliongezeka zaidi ya mara mbili, na hata taa walizoziona waliziitikia kwa kuchelewa. Jambo la kushangaza ni kwamba haikuwapo tofauti yoyote ya maana kati ya yule aliyeshika simu mkononi na yule ambaye mikono yake ilikuwa huru.

Huenda mtu akasema kwamba kinachosumbua ni kule kufungua mdomo au kutega sikio. Jaribio la pili lililijibu swali hilo. Washiriki walisikia maneno kwa simu. Kundi la kwanza lilitakiwa kurudia tu kila neno kama lilivyosikika. Kundi la pili lilitakiwa kutafuta neno jipya linaloanza na herufi ya mwisho ya neno lililosikika. Kwa mfano wa Kiswahili, anayesikia "meza" atafute neno kama "asali". Waliorudia maneno tu waliendelea kuongoza vizuri. Waliotafuta maneno mapya waliyumba. Makundi yote mawili yalisikiliza, na yote mawili yalisema. Kwa hiyo kosa si la sikio wala la mdomo. Kosa ni la ile kazi ya kutunga, ya kupima alichosema mwenzake na kutafuta la kujibu. Na hiyo ndiyo kazi inayofanywa na kila mtu anayezungumza kwa simu kuhusu deni, mgonjwa, mzigo uliochelewa au ugomvi wa nyumbani.

Baadaye, Strayer na wenzake walitumia chombo cha kuigiza uendeshaji. Ndani yake mtu huketi kwenye kiti cha dereva, akashika usukani na kukanyaga breki, huku viyoo vikubwa vilivyomzunguka vikimwonyesha barabara, magari na majengo. Katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2003, waliweka mabango ya matangazo kando ya barabara hiyo ya kuigiza, kisha wakawauliza madereva ni mabango yapi waliyoyaona. Waliokuwa wakizungumza na simu waliyakumbuka machache sana kuliko wenzao. Labda hawakuyatazama? La, chombo cha kufuatilia mboni za macho kilithibitisha kwamba macho yao yalitua juu ya mabango hayo hayo.

Wasemaji wa Kiswahili wana bahati katika jambo hili, kwa sababu lugha yao imekwisha kutenganisha mambo mawili ambayo sayansi ililazimika kuyatenganisha kwa vyombo vya gharama kubwa. Kutazama si kuona. Macho ni dirisha tu. Anayeona ni yule aliyeko ndani ya nyumba, na kama ameitwa uani, dirisha litabaki wazi bila mtu. Dereva wa namna hii hasemi uongo anapomwambia askari, "Wallahi, sikumwona yule mtoto." Kwa kweli hakumwona, ingawa alimtazama. Ubaya wake ni kwamba, kwa kuwa hakumwona, hana kumbukumbu ya kosa lake. Atamaliza safari akiamini kuwa ameendesha vizuri, na kesho ataipokea simu tena.

Uchunguzi uliojulikana zaidi kati ya kazi za Strayer ni ule alioutangaza mwaka 2006 pamoja na Frank Drews na Dennis Crouch. Watu 40 waliendesha katika chombo cha kuigiza, wakilifuata gari lililokuwa likifunga breki mara kwa mara. Kila mmoja aliendesha akiwa katika hali yake ya kawaida, akiwa anazungumza kwa simu ya kushika, akiwa anazungumza kwa simu isiyoshikwa, na siku nyingine akiwa amenyweshwa vodka iliyochanganywa na maji ya machungwa hadi pombe katika damu yake ikafika asilimia 0.08, kiwango ambacho sheria za Marekani zilikihesabu kuwa ni ulevi. Walevi waliendesha kwa ukali, wakilikaribia mno gari la mbele na kufunga breki kwa nguvu. Wenye simu walichelewa kufunga breki, na walichelewa pia kurudia mwendo wao baada ya breki. Katika jaribio lote zilitokea ajali tatu za kugonga gari la mbele. Zote tatu zilitokea wakati dereva alipokuwa akizungumza na simu.

Yafaa ieleweke vizuri kwamba matokeo hayo hayamwombei mlevi msamaha. Pombe inaua, na idadi ya watu katika jaribio lile ilikuwa ndogo. Lakini funzo lake haliwezi kupuuzwa. Jamii imekwisha kukubali kwamba mlevi hastahili kupewa usukani. Abiria akiona dereva anayumba kwa pombe atateremka, au atapiga kelele. Abiria huyo huyo, akimwona dereva anacheka na simu kwa nusu saa, hutazama nje ya dirisha.

Wapo madereva wanaojitetea kwa kusema kwamba kuzungumza ni kuzungumza tu, iwe kwa simu au na mtu aliyeketi pembeni. Hoja hiyo nayo ilipimwa. Katika jaribio la mwaka 2008, madereva waliagizwa waendeshe kiasi cha kilometa 13 kisha watoke katika barabara kuu na kuingia mahali pa mapumziko. Nusu ya waliokuwa wakizungumza kwa simu walipitiliza. Kati ya waliokuwa wakizungumza na rafiki ndani ya gari, waliopitiliza ni 12 tu katika kila 100. Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Aliyeketi pembeni anaiona barabara. Gari la mbele likiwasha taa za breki, yeye mwenyewe hunyamaza, au husema, "Angalia huyo." Aliye upande wa pili wa simu yuko sebuleni kwake. Haoni kona, haoni ng'ombe wanaovuka, na dereva akinyamaza kidogo yeye husema, "Haloo, unanisikia?" Abiria wa pembeni ni jozi ya pili ya macho. Mpiga simu humvuta dereva na kumtoa barabarani bila kujua.

Utetezi mwingine ni ule wa mzoefu. Dereva wa miaka ishirini husema kwamba sheria hizo ni za wanagenzi. Mwaka 2010, Strayer na Jason Watson walitangaza matokeo ya kuwapima watu 200 waliotakiwa kuendesha gari la kuigiza huku wakifanya hesabu na kukariri maneno kwa simu. Walikuwapo kweli watu walioweza kufanya yote mawili bila kupungukiwa popote, lakini idadi yao ilikuwa watano tu, yaani asilimia 2.5. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu hujihesabu kuwa miongoni mwa hao watano. Uchunguzi mwingine wa watafiti wa Utah, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watu 70 katika kila 100 waliojipima wenyewe walisema wana uwezo wa kufanya mambo mengi kwa pamoja kuliko mtu wa kawaida. Hesabu hiyo haiwezekani. Tena ilionekana kwamba waliokuwa na mazoea makubwa zaidi ya kuchanganya mambo ndio waliofanya vibaya zaidi walipopimwa. Mshika mawili, moja humponyoka. Na asiyejua kwamba limemponyoka ndiye aliye na hatari kubwa zaidi.

Ujana pia si kinga. Mwaka 2004, Strayer na Drews waliwalinganisha vijana na wazee wa umri wa miaka 65 hadi 74. Kijana aliyekuwa akizungumza na simu alikanyaga breki kwa wepesi ule ule wa mzee asiyekuwa na simu. Simu ilikuwa imemzeesha kwa miaka hamsini kwa muda wa mazungumzo.

Wala hatari haimaliziki simu inapokatwa. Majaribio ya kundi la Strayer yaliyotangazwa mwaka 2015, kuhusu magari na simu zinazoamriwa kwa sauti, yalionyesha kwamba fikira za dereva zinaweza kuchukua hadi sekunde 27 kabla ya kurudi kikamilifu barabarani. Hebu dereva wa Tanzania afanye hesabu mwenyewe. Mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata karibu meta 14 kila sekunde. Katika sekunde 27 litakuwa limekwenda meta 375, umbali wa kutosha kupita shule, kituo cha daladala na kivuko cha waendao kwa miguu. Na yule anayesoma ujumbe kwa sekunde tano tu, akiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, atakuwa amekwenda zaidi ya meta 110, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Haki inadai kwamba upande wa pili nao usikilizwe. Wapo waliosema kwamba chombo cha kuigiza si barabara, na kwamba mtu hujihadhari zaidi pale anapojua kuwa atakufa kweli. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwaka 1997, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani wa Canada walikuwa tayari wamechunguza ajali za kweli za madereva 699 wa mji wa Toronto, wakalinganisha saa za ajali na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Waliona kwamba hatari ya kupata ajali wakati wa kutumia simu iliongezeka kiasi cha mara nne, na kwamba simu zisizoshikwa hazikuonyesha nafuu yoyote. Watafiti wa Virginia, Marekani, ambao walifunga kamera katika magari ya kweli, walieleza mwaka 2009 kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe huongeza hatari yake mara 23. Hao waliona kuwa mazungumzo peke yake yana hatari ndogo zaidi kuliko kule kuondoa macho barabarani, na juu ya ukubwa wa hatari hiyo wataalamu wangali wanabishana. Hata hivyo, hakuna kati yao anayemshauri dereva apokee simu. Mwezi Desemba mwaka 2011, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipendekeza kwamba madereva wakatazwe kabisa kutumia vifaa hivyo wakiendesha, hata vile visivyoshikwa mkononi.

Ndugu wananchi, mpaka hapa lawama yote imemwangukia dereva. Lakini simu ina ncha mbili. Ikiwa dereva ameipokea, basi yuko aliyeipiga.

Tarehe 24 Julai, 2013, treni ya abiria ilikuwa inakaribia mji wa Santiago de Compostela nchini Hispania. Mbele yake palikuwa na kona ambayo mwendo wake haukutakiwa kuzidi kilometa 80 kwa saa. Dereva alipokea simu. Aliyempigia hakuwa rafiki wa mzaha wala mke mwenye hasira. Alikuwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa ndani ya treni hiyo hiyo, akizungumzia jambo la kazi. Mazungumzo yalipomalizika, zilikuwa zimebaki sekunde chache tu. Treni iliingia katika kona ile kwa mwendo wa kilometa 179 kwa saa, ikaanguka, na watu wapatao 80 wakapoteza maisha. Dereva yule alikuwa mzoefu aliyeijua njia hiyo. Mahali hapo hapakuwa na mtambo wa kuifungia treni breki pale dereva anaposahau. Kwa hiyo usalama wa watu wote waliokuwamo ulitegemea fikira za mtu mmoja, na fikira hizo ziliitwa kando na mtu aliyedhani kuwa anatimiza wajibu wake.

Jambo hilo linafaa kuwafikirisha wenye mabasi na malori, na wakuu wa idara zenye magari. Ni nani anayempigia dereva njiani kumwuliza amefika wapi, amebeba abiria wangapi, na kwa nini amechelewa? Mara nyingi ni mwenye gari. Na dereva anaogopa kutoipokea simu ya tajiri, kwa kuwa kazi yake iko mikononi mwa mpigaji. Mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na hiyo ni hatua njema. Lakini kifaa cha mwendo hueleza gari liko wapi na linakwenda kasi gani. Hakielezi fikira za dereva ziko wapi. Mwenye basi anayetaka habari za safari anaye kondakta. Ampigie huyo. Aidha, atoe agizo kwa maandishi kwamba dereva hatapokea simu akiwa safarini, hata simu ya tajiri mwenyewe, na kwamba hataadhibiwa kwa kutoipokea. Bila agizo hilo, makatazo yote mengine ni kumbebesha mnyonge mzigo wa mwenye nguvu.

Vivyo hivyo jamaa na marafiki. Anayempigia simu mwendesha bodaboda na kusikia upepo unavuma na injini inalia, amekwisha kujua kwamba mwenzake yuko barabarani. Wajibu wake ni kusema, "Nitakupigia ukifika," na kukata mara moja. Ile desturi ya kubana simu kati ya sikio na kofia ngumu haiachi mikono peke yake huru. Inaacha fikira nazo zizurure, na mwenye pikipiki hana bampa la kumlinda.

Baki abiria. Wapo wanaodhani kwamba abiria hana sauti, kwa kuwa amekwisha kulipa nauli na kuketi. Ushahidi kutoka nchi jirani ya Kenya unakanusha fikira hiyo. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Jesse Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu za safari ndefu. Baadhi ya matatu zilibandikwa ndani karatasi zenye maneno ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo, nyingine hazikubandikwa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalikuwa makubwa kupita gharama yake: madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili katika matatu zilizobandikwa. Jaribio kubwa zaidi, lililotangazwa mwaka 2015, nalo lilionyesha upungufu wa asilimia 25 hadi 33. Karatasi hizo zililenga uendeshaji wa ovyo kwa jumla, wala si simu peke yake. Lakini jambo zilizolithibitisha linahusu kila aina ya uzembe. Abiria anao ujuzi wa kutosha wa kutambua hatari. Alichopungukiwa ni ujasiri wa kuwa wa kwanza kusema. Akisema mmoja, wa pili huitikia, na dereva hulazimika kusikia.

Kwa sababu hiyo, mambo yanayotakiwa si magumu. Dereva aizime simu au ampe kondakta kabla ya kuwasha injini, na akiwa na dharura asimame mahali salama, azungumze, atulie kidogo, kisha ndipo aondoke. Mwalimu wa udereva amfundishe mwanagenzi kwamba gari huendeshwa kwa fikira kabla ya mikono. Watunga sheria wajue kuwa sheria inayokataza mkono na kuruhusu mazungumzo imefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Askari anayechunguza ajali aulize pia habari za simu, kama anavyouliza habari za breki. Na abiria, mzee kwa kijana, ajue kwamba kumwambia dereva, "Ndugu dereva, weka simu chini," si utovu wa adabu. Ni haki yake, na tena ni wajibu wake kwa mtoto aliyepakatwa kiti cha nyuma.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji fedha za kigeni, wala mtambo, wala mtaalamu wa kutoka nje. Wataalamu wamekwisha kufanya sehemu yao: wamepima kitu kilichodhaniwa kuwa hakipimiki, na kipimo chao kinaonyesha kwamba ajali za namna hii zina chanzo, na kwa hiyo zina kinga. Kinga yenyewe iko mkononi mwa kila anayebonyeza namba za dereva aliye safarini, na mdomoni mwa kila anayeketi nyuma yake.